Mtu na mdogo wake Mafia: usiku tano zilizopangwa bila kuuliza mwezi

Kisa hiki ni cha ndugu wawili wa kike. Mkubwa ana miaka 47, anaishi Iringa. Mdogo ana miaka 34, anaishi Morogoro. Tumekiunda kwa ajili ya uchambuzi, ila hakuna tatizo lililomo ambalo halitokei Mafia msimu baada ya msimu, na mwezi tuliotumia ni wa siku halisi: Alhamisi tarehe 13 hadi Jumanne tarehe 18 Februari 2025.

Mkubwa ndiye aliyemlea mdogo tangu akiwa darasa la nne. Wamesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila mara ilikuwa msiba, harusi au kumpeleka mgonjwa. Safari ya kwenda kukaa tu, wakiwa wawili, hii ndiyo ya kwanza. Kila mmoja alikuja na lake. Mkubwa alitaka kulala bila kuamshwa, kula samaki aliyetoka majini siku hiyohiyo, na kuyaona magofu ya mji wa kale wa Kua. Sharti lake lilikuwa moja: maji yasimpite kifuani, kwa kuwa hajui kuogelea. Mdogo anaogelea vizuri na alitaka jambo moja tu, kuingia baharini karibu na papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa asiyeshambulia mtu.

Mwezi wa Februari waliuchagua vyema. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe hukaa karibu na ufuko wa Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, wakifuata vijidudu na uduvi mdogo unaojaa kwenye maji hayo. Watafiti waliowafungia vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti wameonyesha kwamba miezi mingine wengi hawaondoki Mafia. Husogea tu mbali na ufuko, kwenye kina, ambako si rahisi kuwaona. Zaidi ya hayo, Februari ni kaskazi. Upepo hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo kisiwa chenyewe huikinga Kilindoni.

Kosa lilikuwa kwenye siku. Mkubwa aliomba likizo, akapewa wiki hiyo, wakakata tiketi. Hakuna aliyetazama mbinguni. Mwezi ulikuwa mpevu Jumatano tarehe 12 Februari, jioni. Maana yake walifika Mafia bamvu, yaani maji makubwa yanayofuata mwezi mpevu, likiwa kwenye nguvu zake zote. Mzee yeyote wa pwani angewaambia bila kufungua jedwali: mlisho (mwezi wa Shaabani) umefika katikati, maji makubwa haya.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu karibu kila kilichoharibika katika safari hii kilitoka hapa. Pwani ya Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvu, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi kuandama, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 hadi 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1. Jambo la pili, ambalo wageni wengi hawalijui, ni kwamba saa nazo hufuata mwezi. Siku za bamvu maji hujaa alfajiri na jioni, kama saa 10 au saa 11, na hukauka kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji huwa yamejaa katikati ya asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele, kwa wastani wa dakika 50, pungufu kidogo siku za bamvu. Kwa hiyo mtu anayejua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anajua pia maji yatakuwaje mchana: tarehe 1 na 15 ni bamvu, tarehe 7 au 8 na 22 au 23 ni maji mafu.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya mpando wote mafungu 12. Saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwenye mpando wa mita 3 na nusu, saa ya tatu peke yake huleta karibu sentimita 90. Ukingo ambao saa 7 mchana ulikufika magotini, saa 9 hauna nafasi ya kusimama. Nahodha hahitaji hesabu hii kwa maandishi, anayo kichwani. Anayeihitaji ni mgeni anayetembea kwenye fungu la mchanga akipiga picha.

Wangejisogeza wiki moja tu, hadi tarehe 20 Februari mwezi ulipokuwa nusu, wangekuta maji yaliyojaa asubuhi na bahari yenye mikondo myepesi. Hata hivyo, tutaona kwamba bamvu nalo liliwapa kitu.

Njia waliyochagua ilikuwa nzuri kuliko walivyojua. Mkubwa aliogopa ndege ndogo, mdogo aliogopa kuchelewa kazini. Wakakubaliana kwenda kwa chombo kutoka Nyamisati na kurudi kwa ndege. Tunaunga mkono mpango huo kwa yeyote mwenye siku za kuhesabu. Chombo kikichelewa wakati wa kwenda, unapoteza nusu siku ya mapumziko. Kikichelewa wakati wa kurudi, unapoteza kazi, basi la mkoani na usingizi wa watu wanaokusubiri. Ndege kutoka Mafia hadi Dar es Salaam haizidi dakika 40 hivi.

Ila Nyamisati ina sharti lake. Iko ndani ya delta ya Rufiji, na chombo hutoka kwenye mkono wa maji uliozungukwa na mikoko. Maji yakikauka, mkono huo ni tope. Dada hawa waliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, wakapita barabara ya Kilwa hadi Bungu, wakakata kushoto, na saa 4 asubuhi walikuwa gatini. Walidhani wamewahi. Maji yalikuwa yanaendelea kupwa. Walikaa juu ya mizigo yao hadi mchana, maji yaliporudi, na chombo kilitoka karibu saa 9. Ratiba ya kituo hiki huandikwa na mwezi, na mwenye akili hupiga simu jana yake, anauliza "maji yanajaa saa ngapi" badala ya "chombo kinaondoka saa ngapi".

Kwa mwenye kupenda historia, kusubiri huko si hasara tupu. Ni katika mikono hii ya Rufiji ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha, ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915, baada ya Waingereza kuiteka Mafia mwezi Januari mwaka huohuo na kuifanya kituo cha ndege zao. Mikoko ileile inayomficha kaa iliificha meli ya vita.

Walipotoka nje ya delta, bahari ilikuwa ya kawaida hadi jua lilipoanza kushuka. Upepo wa kaskazi ulikuwa umepata nguvu tangu mchana, na maji yalipogeuka kuanza kupwa, mkondo na upepo vikakabiliana. Hapo mawimbi huwa mafupi na wima. Hayana urefu wa kutisha, ila yanakipiga chombo mfululizo. Mkubwa alishikwa na kigegezi. Alikuwa na vidonge vya kuzuia kutapika, lakini alimeza baada ya kutapika mara ya kwanza, na kidonge kilichomezwa na mtu anayetapika hakikai tumboni. Kinamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda. Vingi vinaleta usingizi, na mwenye presha au ugonjwa wa macho amuulize kwanza mfamasia. Kosa lake la pili ni kupanda na tumbo tupu kwa kuogopa kutapika. Chapati kavu au mkate usio na mafuta, kidogo kidogo, hutuliza kuliko njaa. Kosa la tatu ni kukaa ndani, mbele, akitazama simu. Mahali pazuri ni katikati kuelekea nyuma, penye hewa, macho yakiwa kwenye upeo wa bahari. Walifika Kilindoni usiku wamelowa na wamenyamaza.

Malazi waliyolipia yalikuwa Utende kwa usiku zote tano. Utende ni upande wa mashariki, kilomita 15 hivi kutoka Kilindoni kwa barabara, ikitazama ghuba ya Chole. Ni mahali pazuri sana, na iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Kwa hiyo mgeni hulipa kiingilio kinachohesabiwa kwa siku, Mtanzania akilipa kidogo kuliko mgeni wa nje, mradi awe na kitambulisho mkononi. Papa potwe hawako huko. Wako Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi. Mtu anayelala Utende akitaka papa potwe ataamka usiku, atafute usafiri, na alipie siku ya hifadhi ambayo haitumii. Mpangilio tunaoupendekeza ni kulala Kilindoni usiku mbili za mwanzo, kwenda kuwatafuta asubuhi ya kwanza, kubaki na asubuhi ya pili kama akiba, kisha kuhamia Utende. Kilindoni ndiko pia kuliko na benki, maduka ya dawa na hospitali ya wilaya.

Ijumaa ilipotea. Walikuwa wamepanga kuvuka kwenda kisiwa cha Chole saa 4 asubuhi. Walipofika ufukweni walikuta mchanga, nyasi za baharini, na mashua zimelala ubavu. Maji yalikuwa mbali mbele. Nahodha aliwaambia warudi alasiri, lakini alasiri ya Ijumaa ikawa fupi na mkubwa hakutaka kurudi gizani baada ya aliyoyaona jana yake. Badala ya kuvuka, mdogo alitumia maji yaliyorudi jioni kumfundisha dada yake kupumua kwa mrija. Hilo ndilo jambo la maana zaidi walilofanya katika safari nzima, na walilifanya kwa bahati, kwa hiyo tulieleze kama inavyopasa kufanywa kwa makusudi.

Mtu asiyejua kuogelea hafundishwi kuogelea kwa siku mbili, na asidanganywe kwamba inawezekana. Anaweza kufundishwa kutulia. Anza na miwani nchi kavu: ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, uiachie. Ikishika, inatosha, ikianguka, ni kubwa au kuna nywele zimepita kwenye ukingo. Kwa mwenye nywele za kusuka au ushungi hapa ndipo maji yanapoingilia, na mtu hudhani miwani ni mbovu. Nywele zote zirudishwe nyuma, ukingo wa mpira uguse ngozi tupu, na mkanda ukae juu ya masikio. Kisha maji ya kiunoni, miguu ikiwa chini, uso tu ndani ya maji, akipumua polepole kwa mdomo kwa dakika 20. Pumziko. Dakika 20 nyingine akiwa amevaa jaketi okozi, miguu imeachia mchanga, mikono kwenye boya la mviringo. Jaketi lijaribiwe kwa kulivuta juu kwa mabega: likifika kidevuni ni kubwa mno, na baharini litapanda usoni. Mkubwa alianza kwa kushusha pumzi fupifupi kama mtu anayekimbia. Karibu mwisho wa zoezi alikuwa anahesabu samaki.

Usiku huo ndipo walipogombana. Mkubwa alikuwa amelipa kila kitu kimyakimya: nauli ya Nyamisati, bajaji, chakula, hata maji ya kunywa. Mdogo ana mshahara na alikuja na fedha yake. Alipotoa noti mezani, dada yake alimjibu, "Mdogo wangu, weka hela yako, utaihitaji." Kwa mlezi hilo ni pendo. Kwa mtu wa miaka 34 ni kurudishwa darasa la nne. Likajibiwa kwa ukali ambao haukuhusiana na bili ya wali na pweza: "Dada, hata njia ya kuja ulichagua wewe, nimekaa tu nyuma yako."

Hatuamini kwamba ugomvi huu ni jambo la pembeni katika uchambuzi wa safari. Ndugu waliopishana miaka mingi, mmoja akiwa kama mzazi, hawawezi kuafikiana kwa kuulizana tu "wewe unasemaje," kwa sababu mdogo atasema "sawa dada" na kuumia kimya hadi siku ya pili. Walichofanya asubuhi ndicho tunachokishauri kabla ya kuondoka nyumbani. Waliweka mfuko mmoja, kila mmoja akatia shilingi 250,000, na kila kitu kikalipwa humo bila kuulizana. Kikipungua, kila mmoja anaongeza sawa. Zaidi ya hapo walitenga shilingi 150,000 za dharura, zikakaa kwenye begi la mdogo. Na maamuzi waliyagawa: ya nchi kavu yakawa ya mkubwa, ya majini yakawa ya mdogo. Mgawo huo wa pili ulimuweka mdogo mbele ya dada yake kwa jambo analolijua kweli, na ndio uliobadilisha safari.

Jumamosi, mdogo akiwa ndiye msemaji wa majini, alikaa na nahodha na kumuuliza swali sahihi: bamvu hili linatufaa kwa nini? Jibu likawa siku nzima. Maji yalijaa karibu saa 12 alfajiri. Waliondoka Utende saa 1 asubuhi, mashua ikielea bila taabu, wakashuka Chole. Maji yakapwa wakiwa huko, na hawakuwa na haraka ya kurudi, kwa kuwa walibeba chakula na lita 6 za maji kwa watu wawili. Chole ni kisiwa kidogo. Kwa saa nne unakizunguka taratibu. Wakaona magofu ya majengo ya utawala wa Kijerumani yaliyobanwa na mizizi ya miti, mafundi wa mashua wanaochonga mbao kwa tezo, na popo wakubwa wala matunda wa jamii ya Komoro, walioning'inia juu ya miti mchana kweupe wakijipepea kwa mbawa. Mavazi yalikuwa khanga juu ya nguo za kuogea, na hiyo ni heshima ndogo isiyogharimu kitu. Kijiji si ufuko wa hoteli.

Saa 6 mchana, maji yakiwa yamekauka kabisa, walitembea kwenye mwamba uliobaki wazi, mahali ambapo wanawake hufuata pweza siku za bamvu. Mkubwa alivaa kandambili. Alikanyaga kiumbe wa miiba mirefu myeusi aliyejibana kwenye mwanya wa tumbawe, na miiba kadhaa ikakatikia kisiginoni. Ushauri wa haraka alioupata ni kuipondaponda kwa jiwe. Hapana. Kuponda huisaga ndani ya nyama, na vipande huacha uvimbe wa wiki kadhaa. Mguu uingie kwenye maji ya moto kiasi mtu anachoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu. Miiba inayojitokeza ivutwe kwa kibano moja kwa moja, isiyojitokeza iachwe, wino wake mweusi chini ya ngozi si lazima uwe mwiba. Jeraha lisafishwe kwa sabuni. Maumivu yakipanda mguu mzima, au mwiba ukiingia kwenye kiungo, ni hospitali. Na yote haya yangezuiwa na yeboyebo za bei ndogo zilizofungwa nyuma, au raba kuukuu.

Saa 9 mchana maji yalikuwa yameshapanda kama nusu. Wakaingia Juani, kisiwa chenye magofu ya Kua, kwa mkondo uliopita kati ya mikoko, njia ambayo saa tatu kabla ilikuwa tope tupu, nahodha akisaidiana na upondo. Kua ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, makaburi na nyumba za mawe na chokaa, ulioangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wavamizi wa Kisakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska. Wenyeji wana simulizi ya zamani zaidi. Watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia, walishusha merikebu yao juu ya miili ya watoto wa Kua. Watu wa Kua wakangoja miaka, wakawaalika arusini, wakawafungia ndani ya chumba na kuziba mlango kwa mawe. Mkubwa, ambaye alikuwa ameota kufika hapa, aliyatembea magofu kwa kuchechemea na hakulalamika. Wakatoka saa 11 jioni, maji yakiwa bado yanapanda, wakafika Utende kabla jua halijazama. Kwa siku za maji mafu safari hizo mbili hazipangiki hivi. Bamvu lililowaharibia Ijumaa ndilo lililoijaza Jumamosi, kwa sababu safari hii walilifuata.

Jumapili walikwenda kutafuta papa potwe na hawakumwona. Sababu tunaziona mbili, na hakuna hata moja iliyo ya bahati mbaya tupu. Waliondoka Utende saa 2 asubuhi, wakaingia majini Kilindoni saa 3 na nusu, upepo umeshaanza kuvuruga uso wa maji. Nahodha hutafuta kwa macho, akifuata ndege, dagaa na kivuli cha mgongo, na maji yaliyovurugika humfumba. Pili, walikubaliana na nahodha kwa saa mbili tu. Saa tatu ndicho kiwango cha chini. Wakafanya jambo la busara: hawakurudi Utende. Walilala Kilindoni, wakipoteza malipo ya usiku mmoja waliokwisha kulipa, ambayo ndiyo gharama ya kosa la malazi.

Jumatatu walikuwa kwenye boti saa 1 asubuhi, bahari ikiwa kama kioo. Baada ya saa moja nahodha akaonyesha kidole. Kuanzia hapo taratibu zina maana kubwa kuliko ujasiri. Boti haimkabili samaki usoni. Inakaa ubavuni, mbele kidogo ya njia yake, na injini inatulizwa. Waogeleaji wasizidi 10 kwa samaki mmoja. Wanakaa ukingoni na kuteleza majini bila kishindo, maana anayeruka na kupiga maji humfanya azame. Umbali ni mita 3 kutoka mwilini, na zaidi kutoka mkiani. Papa potwe hana shida na mtu na koo lake haliwezi kummeza, lakini mkia wake ni mzito na haumwoni aliye nyuma. Hakuna kugusa, hakuna mwanga wa kamera. Anayetaka picha yenye faida apige ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua: madoa ya hapo hayafanani kati ya samaki wawili, na ndiyo yanayotumiwa na watafiti kuwatambua mmoja mmoja.

Mdogo alikosea kama wanavyokosea waogeleaji wazuri. Alimkimbiza. Samaki yule hakuonekana kuwa na haraka, lakini mpigo mmoja wa mkia wake ni mipigo kumi ya mapezi ya mtu. Baada ya dakika tatu mdogo alikuwa amekunywa maji na msuli wa mguu umemkaza. Akarudi botini anahema. Nahodha akamwelekeza: ukimwona anakula juu juu, mdomo wazi, huenda akazunguka, kaa ulipo, atakuja.

Mkubwa alikuwa ameshapata alichokitarajia. Samaki alipita sambamba na boti, kichwa kipana kama meza, mdomo wazi kwenye uso wa maji, madoa meupe yakionekana waziwazi kutoka juu. Asiyeogelea anaweza kubaki hapo na asidhulumike. Papa potwe anayekula karibu na uso wa maji huonekana vizuri mno kutoka ukingoni. Lakini mdogo alisema, "Dada, ya majini niamulie mimi." Wakamvika jaketi, bila mapezi kwa sababu ya kisigino, boya la mviringo limefungwa kamba ya mita 10 hadi botini, kiongozi upande mmoja na mdogo wake upande mwingine. Aliteremka kwa ngazi. Aliweka uso majini, akautoa, akaurudisha. Walikaa palepale bila kupiga mguu. Samaki alizunguka, akapita chini na kando yao, na mkubwa akabaki uso ndani ya maji hadi mkia ulipopotea kwenye ukungu wa kijani. Mkono wake ulioshika mkono wa mdogo uliacha alama za kucha.

Kuhusu kuondoka hakuna mengi. Ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa abiria, kwenye begi laini linaloweza kubanwa. Wao walikuwa na sanduku gumu la kilo 24. Walihamishia vitu kwenye mabegi mawili ya kitambaa, na sanduku lenye nazi, mikeka na samaki mkavu likapakiwa chomboni Jumatatu mchana, likapokelewa na binamu yao Mbagala. Mkubwa aliomba kiti cha dirishani.

Safari ya pili wameiweka Agosti ya mwaka huohuo wa 2025, waone vifaranga vya kasa wakianguliwa Juani. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, kwa hiyo wanaolinda viota hukadiria siku na wageni hupiga simu kwanza. Kusi huwa kali wakati huo, hivyo watakwenda na kurudi kwa ndege. Wamechagua wiki ya tarehe 16, mwezi ukiwa nusu. Malipo ya awali ameyatuma mdogo, na dada yake ameyapokea.